Umepunjwa, au Hujaambiwa? Mwongozo wa Mwisho wa Mwezi kwa Mfanyakazi wa Nakuru

Mshahara wako ulikutosha vizuri tu hadi saa nne ya chai, ulipopata kujua wa mwenzako. Mliajiriwa mwezi mmoja, meza zenu zinatazamana, makosa yake unayasahihisha wewe, na bado anakupita kwa shilingi elfu sita. Kuanzia hapo chai haina sukari. Kiti ambacho hakijawahi kukusumbua kinaanza kuuma mgongo. Kufikia saa saba umeshakumbuka kila Jumamosi uliyokuja kazini bila malipo, na kila mara bosi alipomwita mwenzako kwa jina huku wewe ukiitwa "wewe bwana".

Mwongozo huu ni wa saa hiyo. Ni wa mhudumu wa duka katikati ya mji wa Nakuru, mwalimu wa Njoro, dada anayepanga mawaridi kando ya Ziwa Naivasha, mchuma chai wa Kericho na karani wa ghala kule Lanet. Baadhi ya maagizo yake yatakuchekesha, lakini yote ni ya kufuatwa.

Agizo la kwanza: leo usiende kwa bosi. Utakwenda, lakini si leo. Leo una hasira na huna karatasi, na mbele ya meneja mwenye kalkuleta hasira bila karatasi haifiki mbali. Ukiingia sasa utasema "fulani analipwa zaidi yangu", naye hatauliza kwa nini fulani analipwa zaidi. Atauliza nani alikwambia. Mazungumzo yataishia hapo, wewe ndiye mshtakiwa, na fulani hatakuomba chumvi tena maishani.

Usijione mwenye wivu pia. Tangu mwaka 1963 mwanasaikolojia Mmarekani J. Stacy Adams alieleza kwamba mfanyakazi hapimi malipo yake peke yake. Huweka jasho lake na malipo yake upande mmoja, jasho na malipo ya mwenzake upande wa pili, kisha huangalia kama pande mbili zinalingana. Zisipolingana hufanya kitu: hupunguza jasho, au huomba nyongeza, au huondoka. Mwaka 2012 wachumi wanne, David Card, Alexandre Mas, Enrico Moretti na Emmanuel Saez, walichapisha utafiti wao kuhusu wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambao baadhi yao walikuwa wameelekezwa kwenye tovuti ya gazeti iliyoorodhesha mishahara ya kila mtu. Waliojikuta chini ya wenzao walipungukiwa na kuridhika kazini, wakaanza kuangalia kwingine. Waliojikuta juu hawakuongezeka furaha. Tofauti ya mshahara humuumiza wa chini bila kumfurahisha wa juu. Kila mwajiri wa Nakuru anayempa mtu wake nyongeza ya siri akidhani amenunua upendo angepaswa kuisikia habari hiyo.

Sasa chukua hati yako ya mshahara. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akupe hati inayoonyesha mshahara na kila kinachokatwa, kabla ya malipo au wakati wa malipo. Ujumbe wa M-Pesa unaosema umepokea pesa si hati. Kama hujawahi kupewa hati, umeshapata swali lako la kwanza, na halimhusu mwenzako hata kidogo.

Tuseme mshahara wako kabla ya makato ni 30,000. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, yaani 825. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,800. Zinabaki 26,925 za kutozwa kodi, na baada ya nafuu ya 2,400 kodi yako ni 731 na senti. Mkononi unapata 26,193. Mwajiri naye analipa 1,800 nyingine ya NSSF na 450 nyingine ya nyumba kwa ajili yako, pesa ambazo hutaziona kwenye simu yako.

Halafu bosi anatangaza nyongeza ya asilimia 6 na watu wanapiga makofi. Asilimia 6 ya 30,000 ni 1,800, na wewe ushazipangia kazi: ada, gesi, na deni la chama. Makato yanapopita kwenye hizo 1,800, zinazokufikia ni 1,211. Wako wafanyakazi wengi mjini humu wanaoamini kwamba mhasibu wao alikula mia tano na kitu, na mhasibu anashangaa kwa nini salamu zimepoa. Ingetosha mtu mmoja kusimama dakika kumi mbele ya ubao na kuandika hesabu hii. Sijui kwa nini ofisi zetu zinaona ni afadhali kushukiwa wizi kuliko kuandika ubaoni.

Angalia pia mikopo. Mshahara wa mwenzako unaweza kuonekana mnene kwa sababu yeye hana mkopo wa Sacco, wala hakuchukua advansi ya Januari. Sheria inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili angalau theluthi moja ifike nyumbani. Kama hati yako inaonyesha umebakiwa na chini ya hapo, peleka hilo ofisini kwa maandishi. Na hapo usijilaumu kwamba uliukubali mkopo. Kikomo hicho kiliwekwa ili kimlinde hasa mtu aliyebanwa.

Ukimaliza hati yako, jiulize unajilinganisha na nani. Hapa Bonde la Ufa swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Amri za mishahara zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Siku ya Wafanyakazi mwaka huo, ziliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, kwa hiyo imo kwenye orodha ya wakubwa. Kwa mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi maalumu, amri ya kilimo iliweka 7,997.33. Kwa amri hizo, anayefagia sakafu ya ofisi jijini aliwekewa kima kinachozidi maradufu kile cha anayepalilia shamba kule Gilgil. Unga wa Gilgil hauuzwi nusu bei.

Mkono wa zamani upo hapa na tuutaje. Nakuru ilikuwa kitovu cha walowezi. Kibarua wa shambani alilipwa sehemu kwa posho ya unga na ruhusa ya kulima kipande cha ardhi, na fedha taslimu ilihesabiwa kama ya kijana asiye na mke wala mtoto. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter kuhusu mishahara ya Waafrika ilisema wazi kwamba mshahara ule ulikuwa wa mtu mmoja, ikapendekeza hatua za kuufikisha kwenye mshahara wa kulea familia. Ofisi za serikali ya kikoloni nazo zilikuwa na kanuni yao: asiye Mzungu, hata akishika cheo kile kile, alipata tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka huo huo wa 1954, baada ya ripoti ya Lidbury. Babu zetu walijua kiasi walichopunjwa hadi sehemu ya tano, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa. Sisi tunapunjwa bila maandishi, kisha tunaambiwa tusiongee.

Kwa hiyo usilinganishe mshahara wa Karagita kule Naivasha na wa Section 58 hapa jijini ukadhani meneja wako ndiye aliyepanga pengo hilo. Pengo lile ni la amri mbili tofauti, na mahali pa kulipigania ni kwenye mabaraza ya mishahara na chama cha wafanyakazi. Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo, KPAWU, makao yake makuu yako hapa hapa Nakuru. Mashamba mengi ya maua huongozwa na mkataba wa pamoja kati ya chama hicho na waajiri wa kilimo, na mkataba huo hulipa zaidi ya kima cha chini cha amri. Dada wa Naivasha, kabla ya kujipima na msichana wa benki, muulize shopu stiwadi akuonyeshe nakala ya mkataba unaotumika sasa. Usikubali kuhadithiwa. Isome, utafute ngazi yako, na utazame posho ya nyumba na malipo ya ovataimu. Wakati wa kuelekea Februari 14, maua ya Valentine yanapofungwa usiku na mchana, ukurasa wa ovataimu ndio wa kuusoma mara mbili.

Kwa wale wanaolipwa kwa kilo hesabu iko kwenye mizani. Mchuma chai wa Kericho anafika kituo cha kupimia akiwa na mzigo mgongoni tangu asubuhi, umande umemlowesha hadi magotini. Karani analitundika gunia kwenye ndoana, sindano inacheza, karani anasoma namba na kuiandika, kisha anatoa kilo za gunia na za maji. Yote yanaisha kabla mchumaji hajapangusa jasho. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini kama uso wa mizani umeelekezwa kwa karani peke yake, mchumaji ataondoka akiamini ameibiwa, na kesho atakuja na imani hiyo hiyo. Mizani ikigeuzwa ili watu wawili waione, kilo zile zile zitapokelewa bila mnong'ono. Mchuma chai, una haki ya kuona sindano. Simama upande unaoonekana, soma namba kwa sauti karani anapoiandika, na weka daftari lako dogo. Na uulize kiasi kinachotolewa kwa gunia na kwa maji kimeandikwa wapi.

Kuna pengo jingine ambalo sitaki kulifanyia mzaha. Ingia chumba cha walimu katika shule yoyote ya sekondari ya chini kaunti hii. Walimu wawili wana shahada sawa, vipindi sawa na rundo sawa la madaftari. Mmoja ana ajira ya kudumu, mwenzake ni mwanagenzi ambaye amekuwa akipewa posho ya shilingi 20,000, ikikatwa inabaki kama 17,000. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba tume ya walimu haina mamlaka ya kuwaajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi, na mwezi uliofuata walimu hao waligoma. Madaktari wanagenzi nao waliahidiwa takriban 206,000 kwa mwezi katika mkataba wa 2017, kisha serikali ikaja na 70,000, na hiyo ilikuwa moja ya sababu za mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024. Anayeandika dawa usiku wa manane wodini haandiki kwa nusu ya akili kwa sababu jina la cheo chake ni dogo. Kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa: hayo ni maneno ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki.

Sasa nikuambie kinachonisukuma kuandika. Mfanyakazi asipoambiwa kwa nini mwenzake anapata zaidi, atajitafutia sababu mwenyewe, na katika Nakuru sababu ya kwanza kufika mdomoni ni jina la ukoo. "Si ni mtu wao." "Angalia bosi anatoka wapi." Mji huu umejaa watu wa kila pembe, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Wakisii, Waluhya, Wakamba, Waturkana, wanaofanya kazi mstari mmoja na kupanga ploti moja Kaptembwo au Free Area. Mara nyingine sababu huwa kweli ni ujamaa, na hapo iitwe upendeleo na ishtakiwe. Mara nyingi zaidi sababu ni cheti cha mashine, au miaka minne ya uzoefu, au mtu aliyejua kujadiliana siku ya usaili. Lakini kama hakuna aliyesema, ukabila utajaza pengo. Sisi wa hapa hatuna udhuru wa kulichezea jambo hilo. Januari 2008 majirani waligeukiana Nakuru na Naivasha, na wafanyakazi wa mashamba ya maua walikimbia makazi yao. Mishahara haikuleta yale. Ila kila tuhuma ya kikabila isiyojibiwa kazini inabebwa hadi nyumbani, na nyumbani ndiko tunakoishi pamoja.

Ndiyo maana sehemu hii ni ya mabosi, nanyi wafanyakazi mnaweza kuikata na kuibandika jikoni mwa ofisi. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha habari za viwanda vya kampuni moja huko Marekani ambayo ilikuwa imepoteza mikataba, ikakata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi katika viwanda viwili. Katika kimoja, mkuu wa kampuni alisimama kwa muda wa saa moja na nusu, akaonyesha hesabu, akaeleza kwa nini, akasema anasikitika, akajibu maswali. Katika kingine waliambiwa kwa dakika kama kumi na tano na kikao kikafungwa. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kote kuwili, lakini pale palipoelezwa ulikuwa mdogo sana kuliko pale palipoambiwa tu. Mishahara iliporudi, wizi ulishuka. Kilichotofautisha viwanda vile ni saa moja na robo ya maelezo na heshima. Bosi mpendwa, unayeweka mlinzi wa tatu getini kupekua mikoba, jaribu kwanza kikao.

Na tafadhali, acha kutuambia kampuni ni familia. Katika familia, mtoto akiuliza kwa nini kaka amepewa nyama mbili, mama humjibu. Weka ngazi za mishahara kwenye karatasi, sema kinachompandisha mtu kutoka ngazi hii hadi ile, na umtaje aliyeamua. Kama bajeti hairuhusu nyongeza mwaka huu, onyesha bajeti. Watu waliokulia mashambani Molo wanajua mwaka wa ukame ni nini. Wasichovumilia ni kuambiwa hakuna mvua huku wanaona gari jipya la meneja limeoshwa.

Turudi kwako. Umetulia, una hati tatu za miezi ya mwisho, umesoma mkataba wako, ukiwemo mstari unaosema kama mshahara ni siri au la. Sasa nenda. Usitaje jina la mwenzako. Mshahara wake haukuwa wako kuutangaza, na kesi yako haimhitaji. Chagua siku ambayo si ya malipo wala ya ukaguzi. Omba dakika ishirini. Na kabla ya mdomo, tanguliza barua fupi:

"Kwa Meneja. Nimekuwa katika cheo hiki tangu Machi 2022. Tangu hapo nimeongezewa kazi ya kupokea mizigo na ya kuwafunza wageni. Naomba kuelezwa vigezo vilivyotumika kupanga mshahara wangu katika ngazi hii, na tarehe ambayo utaangaliwa upya. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi."

Barua hiyo haina tusi, machozi, wala ada ya mtoto. Matatizo ya nyumbani ni ya kweli, lakini ukiyaweka mbele utapewa pole, na pole haina makato kwa sababu haina pesa. Weka mbele kazi. Ukijibiwa "tutakuangalia", toa kalamu pale pale, uliza "lini, mkubwa?", na uandike tarehe akikuona. Ukiambiwa vigezo na vikawa vya haki, hata kama havikupendelei, vipokee. Mwenye cheti cha mashine ana cheti cha mashine. Uliza kampuni itakusaidiaje kukipata.

Kibarua wa siku, usidhani mwongozo huu umekupita. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema ukifanya kazi mfululizo siku ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi, ajira yako haihesabiwi tena kuwa ya kutwa, hata kama unalipwa jioni kila siku. Miaka mitatu ya "njoo kesho" si ukarimu wa mwenye kiwanda. Weka kumbukumbu ya kila siku uliyoingia getini.

Na kama barua imekaa kimya mwezi mzima, au umejibiwa kwa kuhamishiwa zamu ya usiku, nenda kwa chama chako, au kwa ofisi ya kazi ya kaunti, ambayo haihitaji wakili. Kulalamika dhidi ya mwajiri kwa msingi wa kweli si sababu halali ya kufutwa kazi, na kifungu cha 46 cha sheria hiyo kinasema hivyo. Ukidai mahakamani kwamba umebaguliwa katika malipo, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua, na mahakama ya ajira inaketi hapa Nakuru. Madai ya mkataba wa kazi yana muda wake: miaka 3, kisha mlango unafungwa. Beba mkataba, hati za mshahara, nakala ya barua ile, na daftari lenye tarehe za "tutakuangalia".